Wayelari, kabila la kubuni la wafuga farasi: historia yao, mila zao, na kwa nini hawawezi kuishi Handeni

Mleta uzi, Tanga

Ndugu zangu, salaam. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya kuhusu kabila ambalo halipo duniani. Nimeliita Wayelari, nchi yao ni Uyelari, lugha yao ni Kiyelari, na maisha yao yote yanamzunguka farasi. Kabla sijamaliza sura za mwisho ninaleta hapa historia yao na mila zao, kwa sababu kubuni watu ni kazi isiyofaa kuachiwa macho mawili, na ninajua humu wamo wafugaji, walimu wa historia na wenye punda ambao wataona mara moja mahali nilipokosea.

Nilikuwa bwana mifugo kwa miaka 32, sehemu kubwa katika Handeni, Pangani na Muheza, na kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kupambana na mbung'o. Nimetundika mitego ya nguo ya buluu na nyeusi kandokando ya vichaka, na chini yake nimeweka chupa ya mkojo wa ng'ombe ili harufu imwite inzi. Nimetoboa mshipa wa sikio la ng'ombe kabla jua halijapanda, nikatandaza tone la damu juu ya kioo, na chini ya hadubini nikaona vijidudu vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu, vikizisukuma huku na huku kama mikunga wadogo ndani ya dema. Mtu aliyeishi hivyo hawezi kusoma hadithi ya wapanda farasi bila kujiuliza farasi hao wanakula nini, nani anawakamua, na inzi yuko wapi. Hadithi nyingi za namna hii nilizosoma zinaanza na upanga. Farasi anatokea pale shujaa anapotaka kukimbia, kisha anatoweka. Mimi nimeamini tangu mwanzo kwamba farasi ndiye aliyewafanya Wayelari kuwa Wayelari, na kwamba nikimwelewa yeye, basi sheria zao, nyimbo zao na vita vyao vitafuata vyenyewe.

Uyelari ni uwanda wa juu, mbali na bahari, na nimeutengeneza kwa mfano wa nyika zile zinazoanzia kaskazini ya Bahari Nyeusi, zikapita Kazakhstan, zikaishia Mongolia. Sisi wa mwambao tukisema nyika tunaona miiba, mibuyu na vumbi jekundu la nyuma ya pwani. Nyika ya huko ni majani matupu mpaka pale mbingu inapogusa ardhi. Mvua yake haitoshi kilimo, majani huota kwa miezi michache tu, kisha theluji hufunika kila kitu. Binadamu hali majani, kwa hiyo ili aishi mahali pale lazima awe na mnyama wa kumlia majani hayo na kumgeuzia yawe maziwa, nyama, sufi na mwendo.

Wayelari hawakuzaliwa juu ya migongo ya farasi. Masimulizi yao yanasema mababu zao walichunga kondoo kwa miguu kando ya mto mmoja, wakiwa na njaa kila mwaka, kwa sababu mchungaji wa miguu hawezi kwenda mbali na maji wala kusimamia kundi kubwa. Hukadiriwa kwamba mtu mmoja mwenye mbwa mzuri aweza kuchunga kondoo 200 hivi kwa miguu, na kwamba mtu huyo huyo akipanda farasi aweza kuchunga 500. Tofauti hiyo ndiyo mwanzo wa historia yote ya Wayelari. Farasi wa kwanza waliwapata kwa kubadilishana chumvi, wakawala nyama kabla hawajajua kuwapanda, na hapo nimefuata yale yanayojulikana: kaskazini mwa Kazakhstan, mahali panapoitwa Botai, watu walioishi yapata mwaka 3500 KK walikula farasi kwa wingi, na vyungu vyao vimekutwa na masalia ya mafuta ya maziwa ya farasi. Hata hivyo farasi wafugwao wa leo hawatokani na wale wa Botai. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2021 umeonyesha kwamba chimbuko lao ni nyika za mito ya Volga na Don, na kwamba walianza kuenea kwa kasi yapata mwaka 2200 KK.

Katika riwaya, vizazi viwili vinatosha kuwageuza watu wa miguu kuwa watu wa farasi. Atakayeona ni haraka mno awatazame Wacomanche wa Amerika ya Kaskazini. Walikuwa watu wa miguu. Farasi wa Wahispania walipoanza kusambaa baada ya wenyeji waitwao Wapueblo kuwaasi Wahispania hao mwaka 1680, walijitenga na ndugu zao Washoshone, wakashuka kusini, na haikufika karne moja wakawa mabwana wa nyanda zile, wakiogopwa na Wahispania wenyewe. Mnyama akiingia katika maisha ya watu huwabadilisha upesi kuliko mfalme.

Mali ya Wayelari ni farasi, kondoo, mbuzi na ng'ombe wachache wenye manyoya marefu. Wamongolia huongeza ngamia, na kwao hao watano ndio mifugo yote. Kondoo ndio chakula na mavazi, na sufi yao, ikigandamizwa kwa maji na kuviringishwa mpaka ikawa nzito, ndiyo ukuta wa hema la duara. Farasi ndiye heshima, lakini wakati wa theluji ndiye pia mwokozi wa wengine wote. Kwato zake hukwangua theluji mpaka zifikie majani, na kondoo, ambao hawana nguvu hiyo, humfuata nyuma wakila alichokifunua. Kwa sababu hiyo mchungaji wa Kiyelari hawapeleki kondoo malishoni kabla farasi hawajapita. Msiba mkubwa ni pale theluji inapoyeyuka kidogo kisha ikaganda kuwa barafu ngumu ambayo hata kwato haziivunji. Mifugo hufa ikiwa imesimama juu ya chakula chake. Wamongolia wana neno la msiba wa namna hiyo wa kipupwe, *dzud*, na ule wa 2009 kuingia 2010 uliua mifugo yao zaidi ya milioni 8. Katika Uyelari nimeuita Mwaka wa Kioo, nao huhesabu umri wa watu kwa hiyo: fulani alizaliwa kabla ya Kioo cha pili, fulani aliolewa baada ya Kioo cha tatu.

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni maneno. Wamongolia kwa kawaida hawampi farasi jina; humtaja kwa rangi yake, na maneno yao ya rangi za farasi ni mamia. Mimi nilikaa na daftari nikakuta Kiswahili changu kinanipa mweusi, mweupe, mwekundu, wa kijivu, wa hudhurungi, wa madoa, kisha kimya. Nilitazama pia maneno mengine ya farasi: farasi mwenyewe, hatamu, lijamu, yote yametoka katika Kiarabu, na yalishuka pwani pamoja na mnyama mwenyewe kutoka vyomboni. Punda ana jina letu la Kibantu. Hatamu tumezishika zaidi katika siasa kuliko mikononi. Basi rangi za farasi wa Wayelari nimezitafuta katika vitu vinavyoonekana hapa kwetu: farasi wa rangi ya katani mbichi, wa rangi ya katani iliyoanikwa, wa rangi ya chai ya rangi, wa rangi ya mawingu ya vuli, wa rangi ya ganda la korosho. Ninaomba wenye msamiati wa zamani waniongezee.

Nimalizie sehemu hii kwa sheria mbili. Ya kwanza, majani hayana mwenyewe, ila yana zamu: kila ukoo unajua siku yake ya kuingia bonde na siku yake ya kutoka, na anayechelewa kutoka hutozwa dume lake bora. Ya pili, manyoya ya shingo ya dume la farasi hayakatwi maisha yake yote, kama ilivyo kwa Wamongolia, kwa kuwa humo ndimo nguvu ya kundi inamokaa. Akifa dume aliyeshinda mashindano, fuvu lake hupelekwa juu ya kilima na kuwekwa kwenye rundo la mawe, macho yake yakielekea malishoni.

Mchangiaji, Bagamoyo

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma andiko lako mara mbili na nimejifunza mengi. Swali langu ni la mahali. Kwa nini uwapeleke Wayelari katika nchi ya theluji ambayo msomaji wetu hajaiona, ilhali nyuma ya Bagamoyo, kupita Miono hadi Handeni, kuna nyika pana yenye majani? Ndugu zetu Wamaasai wanachunga huko na ng'ombe wao wanaishi. Ningependa sana kuona kabila la farasi linalokunywa maji ya mto Wami.

Mleta uzi, Tanga

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike kichwa cha uzi kama nilivyokiandika, na jibu lake liko karibu na mlango wa nyumba yako.

Mwezi Machi 1871 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Sultani Barghash bin Said wa Unguja na mwingine amepewa na mfanyabiashara Mmarekani aliyekaa siku nyingi Unguja. Alipofika kijiji cha Kingaru, katika nchi ya Wakwere, safari yenyewe ikiwa bado changa kabisa, farasi wa kwanza akafa, na haikupita siku wa pili akamfuata. Stanley alimpasua yule wa kwanza akakuta tumbo lina minyoo. Alimzika karibu na kambi, na mkuu wa kijiji akaja kudai alipwe nguo kwa kuwa mgeni amezika mnyama katika ardhi yake bila ruhusa. Wengi wanaosimulia kisa hiki humcheka mkuu yule. Mimi naona alisimamia sheria: ardhi ina mwenyewe, na mgeni huomba kabla hajachimba. Nimelichukua jambo hilo nikalitia katika sura ya sita, pale Wayelari wanaposhuka bondeni kwa wakulima kwa mara ya kwanza, wanazika farasi wa kiongozi wao katika shamba la mtama, na ugomvi wa miaka arobaini unaanzia kwenye kaburi hilo.

Miaka 45 baada ya Stanley, katika vita vikuu vya kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kutoka Kilimanjaro kuwafukuza Wajerumani yakiwa na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Juni 1916 walifika Handeni. Farasi walikufa maelfu kwa maelfu kwa mbung'o na kwa maradhi mengine, na askari waliokuja wakiwa wamepanda wakaendelea na vita kwa miguu.

Ukweli ni kwamba farasi ana maadui wawili katika nchi yetu. Wa kwanza ni mbung'o, anayempa ugonjwa wa nagana, ambao David Bruce alionyesha chanzo chake huko Zululand mwaka 1895. Ng'ombe mwenye nagana anaweza kujikokota miezi mingi akikonda. Farasi huwa na homa inayopanda na kushuka, huvimba miguu na chini ya tumbo, hula vizuri huku mbavu zikijitokeza, kisha huanguka. Wa pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huletwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wa jioni. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuumwa. Farasi asiye na kinga akishikwa, mapafu yake hujaa maji, povu hutoka puani, na mara nyingi hamalizi wiki. Katika miaka ya 1854 na 1855 maradhi haya yaliua farasi wapatao 70,000 katika koloni la Rasi, Afrika Kusini.

Wamaasai na ng'ombe wao ni jambo jingine. Wao wanajua vichaka vya kuepuka na saa za kupita, na siku hizi wana dawa. Hata hivyo nimeona mazizi yakibaki na nusu ya ng'ombe. Tazama pia ranchi ya Mkwaja, kati ya Pangani na Saadani. Ilianzishwa katika miaka ya 1950, ikapigana na mbung'o na vichaka kwa karibu nusu karne ikiwa na majosho, dawa na wataalamu, kisha ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kama ng'ombe walishindwa namna hiyo, farasi angefanya nini?

Nitaje jambo moja ambalo watu wa Tanga tungepaswa kujivunia na hatujivunii. Mbung'o wa Unguja walimalizwa na mbung'o wa Tanga. Hapa mjini kwetu walifugwa madume kwa mamilioni, wakalishwa damu, wakapigwa mionzi ili wasizae, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa kati ya mwaka 1994 na 1997, zaidi ya milioni 8. Majike wa porini walipandwa na madume tasa, na mbung'o wa mwisho kule alionekana Septemba 1996.

Hilo halimaanishi kwamba Afrika haikuwa na watu wa farasi. Waoromo na Waamhara wa Ethiopia walikuwa nao, kwa sababu nchi yao ya juu imempita inzi kimo. Huko shujaa aliitwa kwa jina la farasi wake: Menelik wa Pili alijulikana kama Abba Dagnew, yaani bwana wa Dagnew. Wasotho wa Lesotho walipata farasi katika karne ya 19 wakawafanya kuwa wao, kwa sababu ya milima ile ile ya baridi. Ufalme wa Oyo, katika Nigeria ya leo, ulikuwa na jeshi la farasi walionunuliwa kaskazini, lakini lilipokaribia msitu wa kusini liliishiwa nguvu. Ukichora ramani ya inzi juu ya Afrika, umechora pia mipaka ya falme za wapanda farasi. Hivyo, mwanangu, Wayelari nimewaacha juu kwenye baridi, na mto wanaoogopa kuuvuka katika riwaya nimeupa jina ambalo kwa lugha yao maana yake ni Mnong'ono, kwa sababu ya mlio wa mabawa.

Mchangiaji, Pangani

Mzee, heshima yako. Mimi sijui historia, ila nina punda wanne wa kubebea mchanga na nazi, na baba yangu alikuwa na punda kabla yangu. Katika sura uliyoiweka hapa mwezi uliopita, kijana wako alimpanda farasi mmoja siku tatu mfululizo akiwakimbia maadui, na farasi akafika mzima. Hilo halikubaliki. Shogi ikikaa vibaya nusu siku tu, mgongo unachubuka pale mfupa unapoinuka karibu na mabega. Siku ya pili pana uvimbe wenye maji, siku ya tatu pana kidonda, na kidonda cha pale hakiponi chini ya mwezi. Inzi wakitaga humo, unaweza kumpoteza mnyama. Na mnyama aliyelowa jasho hapewi maji mengi papo hapo, inasemekana atapata msokoto wa tumbo.

Mleta uzi, Tanga

Ndugu yangu, umesema kweli tupu, na nimeona haya kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kulijua. Nimeiandika upya sura hiyo yote. Sasa kijana anaondoka na farasi watano, mmoja amempanda na wanne anawavuta kwa kigwe, na kila jua linapogeuka anahamisha tandiko. Hivyo ndivyo askari wa Chinggis Khan, aliyeyaunganisha makabila ya Wamongolia mwaka 1206, walivyokwenda: kila mmoja alikuwa na farasi kadhaa, na siri ya kasi yao ilikuwa kwamba farasi aliyechoka alitembea bila mzigo. Farasi wenyewe ni wafupi, wenye vichwa vikubwa. Mwana wa Chinggis, Ögedei, alieneza vituo vya wajumbe katika himaya nzima ili mwenye barua akute farasi mpya kila kituo.

Hesabu ya farasi wengi kwa askari mmoja ina upande wa pili, na hapo ndipo vita vya Wayelari vinapopata kikomo chao. Jeshi la watu 10,000 wenye farasi watano kila mmoja ni midomo 50,000 inayotafuna karibu saa kumi na sita kwa siku. Wamongolia walishindwa na Wamamluki, watawala wa Misri, huko Ain Jalut mwaka 1260, na miongoni mwa sababu zinazotajwa za kutoishika Shamu ni kwamba malisho na maji ya kule hayakuweza kubeba farasi wao. Katika riwaya Wayelari wanauteka mji mkubwa wa bondeni katika sura ya tisa, wanashangilia siku arobaini, kisha wanaondoka wenyewe bila kupigwa, kwa sababu majani yamekwisha. Msomaji mmoja aliyeiona rasimu alisema huo ni mwisho dhaifu wa vita, nami nimeuacha vile vile.

Habari ya msokoto wa tumbo nimeitia katika malezi ya watoto. Mtoto wa Kiyelari hafundishwi kupanda mpaka ajue kumtembeza farasi aliyerudi, polepole, mpaka kifua chake kikauke.

Mchangiaji, Tanga

Mzee wangu, mimi ni mwalimu wa sekondari na ninasomea andiko hili wanafunzi wangu wa darasa la fasihi. Nina hoja mbili. Ya kwanza, katika maelezo yote haya sijamwona mwanamke akifanya lolote isipokuwa kuolewa baada ya Kioo cha tatu. Ya pili, umetaja maziwa ya farasi mara moja ukapita. Nimesoma kwamba huchachushwa yakalevya kidogo, na watu wa huko hula nyama ya farasi pia. Wanafunzi wangu wengi ni Waislamu; ningependa kujua Wayelari ni watu wa imani gani na umelikabili vipi jambo hilo.

Mleta uzi, Tanga

Dada Mwalimu, hoja ya kwanza imenichoma, na nimeipokea. Sura zenyewe zina wanawake wengi kuliko muhtasari huu, kwa sababu hema ni mali ya mwanamke, na anayemiliki maziwa ndiye anayemiliki mwaka. Niruhusu nikueleze ukamuaji, kwani ndio moyo wa kitabu.

Jike la farasi si ng'ombe. Kiwele chake ni kidogo, hakiweki akiba, hivyo hukamuliwa mara nyingi kwa siku, kila baada ya saa mbili hivi, na kila mara hutoa kidogo. Wakati wa kukamua watoto wa farasi hufungwa mstari mmoja kwenye kamba ndefu iliyolazwa chini, na mama zao hawaendi mbali. Mtoto huletwa kwanza, ananyonya mara chache mpaka maziwa yashuke, kisha huvutwa pembeni, lakini haondolewi: husimamishwa ubavuni akimgusa mama yake, maana akitoweka mama hufunga maziwa. Mkamuaji hupiga goti moja, ndoo akaiweka juu ya goti la pili, mkono mmoja akaupitisha nyuma ya mguu wa farasi. Uso wake uko karibu na tumbo lile hata anasikia linavyonguruma. Kwa Wamongolia kazi hii huhitaji watu wawili, mmoja akimshika mtoto na mwingine akikamua. Katika sura ya pili wawili hao ni nyanya na mjukuu wake wa kike, na mazungumzo yote muhimu ya ukoo hufanyika hapo, kwa sauti ya chini, kwa sababu farasi hapendi kelele.

Maziwa hayo humiminwa katika kiriba kikubwa cha ngozi ya ng'ombe kilichotundikwa kando ya mlango, chenye chachu ya jana, na hupekechwa kwa mti maelfu ya mara. Desturi ni kwamba kila anayeingia na kutoka apekeche kidogo. Maziwa ya farasi yana sukari nyingi kuliko ya ng'ombe, na ndiyo inayochachuka, kikatokea kinywaji chenye ukali wa mtindi na povu, na kileo chake ni kidogo. Mtawa William wa Rubruck alikikuta kwa Wamongolia alipopita huko kati ya 1253 na 1255, akaeleza jinsi kinavyouma ulimi na kuacha ladha kama ya lozi. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ufundi wa Wamongolia wa kukitengeneza katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Kuhusu imani, Wayelari si Waislamu; wanaiheshimu mbingu na makaburi ya mababu, na sikutaka kuwavika dini ya mtu. Lakini wapo Waislamu wa kweli wa farasi, Wakazakh na Wakirgizi, ambao maziwa hayo ni kinywaji chao cha heshima na nyama ya farasi ni chakula chao cha sherehe. Juu ya nyama, ipo hadithi ya Asma binti Abu Bakr katika Bukhari kwamba walichinja farasi zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamla. Na madhehebu yetu ya Shafi yanaruhusu, ilhali wapo wanazuoni wa Hanafi wanaochukia. Juu ya kinywaji chenye kileo wewe na wanafunzi wako mnao masheikh wa kuwauliza, nami si mmoja wao. Katika riwaya yuko mfanyabiashara Mwislamu anayepewa bakuli mlangoni, analipokea kwa mikono miwili, analigusa kwa paji la uso na kulirudisha, na wenyeji wanaridhika, kwani kwao aibu ni kukataa kulishika.

Mchangiaji, Bagamoyo

Nimeelewa kuhusu mahali, mzee, na kisa cha Kingaru nitamsomea baba yangu leo usiku. Tueleze basi mwisho wao. Wanauvuka mto Mnong'ono?

Mleta uzi, Tanga

Wanauvuka, mwanangu. Baada ya Mwaka wa Kioo wa saba hawana la kufanya, wanashuka kusini wakiwa na farasi mia tatu, na ndani ya mvua moja wanabaki na kumi na mmoja. Sikuiandika sura hiyo kwa kubuni. Farasi sijawahi kuwazika wengi, lakini ng'ombe nimewazika, na najua mwenye zizi anavyosimama asubuhi akihesabu kwa macho bila kuinua kidole.

Ninao pia ukoo wangu. Mimi ni Msegeju. Wareno waliotuandika katika karne ya 16, tulipokuwa upande wa Malindi, walitukuta wafugaji wa ng'ombe, watu wa maziwa na damu, na mwaka 1589 wazee wetu ndio waliowashinda Wazimba waliokuja kuuteka Malindi. Leo tuko mwambao wa Mkinga, hadi mpakani mwa Kenya, na ukitutafuta utatukuta na nyavu, madema na mashamba ya minazi. Hakuna aliyetuua. Ng'ombe walikwisha, bahari ikawepo, na watoto wakajifunza upepo. Nilipokuwa mdogo nilidhani Wasegeju wamekuwa wavuvi tangu siku ya kwanza ya dunia.

Kwa hiyo Wayelari hawafi. Katika sura ya mwisho wanakaa kando ya ziwa, farasi wa kumi na moja amekufa, na yule nyanya wa sura ya pili bado ana kiriba kando ya mlango. Anakijaza maziwa ya ng'ombe aliyopewa na jirani mkulima, anayapekecha siku nzima, na wajukuu wanaoingia na kutoka wanapekecha nao. Jioni anaonja, anawamiminia wengine, na mtoto mdogo kuliko wote, ambaye hajawahi kuonja ya farasi, anaomba aongezwe.

Hapo bado sijajua nyanya afanye nini. Nimeandika mara nne na kufuta mara nne. Ndugu wa Pangani, kabla sijasahau: kile kidonda cha mgongo, baba yako alikuwa akikitibu kwa nini kabla ya dawa za dukani? Nahitaji kukijua kwa ajili ya sura ya tatu.